Tusubiri tiba ya kinga, au mzee aanze mionzi?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, tunaishi Mbagala. Alianza kwa kuumwa koo upande mmoja na sikio kuvuta, tukadhani ni mafindofindo. Vipimo vimeonyesha kansa ya koromeo, imefika kwenye tezi mbili za shingo, lakini mapafu ni safi na figo ziko sawa. Ocean Road wamempangia mionzi 35 pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya kemo, na wiki ijayo anakwenda kutengenezewa kinyago cha kumshikilia kichwa wakati wa mionzi. Kaka yangu aliyeko Marekani anasema huko siku hizi mionzi inachanganywa na imunotherapi, yaani tiba ya kinga, na kwamba sisi tunampa mzee tiba ya kizamani. Anataka tuahirishe mwezi au miwili, tuuze kiwanja chetu cha Chanika, dawa iagizwe, ndipo mzee aanze vyote kwa pamoja. Mama hataki kabisa. Mimi niko katikati. Tufanye nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani. Nianze na jibu lenyewe kwa sababu tarehe iko karibu. Mzee aende wiki ijayo kama alivyopangiwa, na kiwanja msikiuze kwa ajili ya hili. Mengine yote nitakayoeleza ni sababu zake, ili ukikaa na kaka yako kwenye simu usiishie kumwambia "daktari kasema", uwe na hoja za kumweleza.

Kaka yako hakulitunga jambo hili. Kuchanganya tiba ya kinga na mionzi ni wazo ambalo sisi wenyewe tunaotibu kansa za kichwa na shingo tuliliamini kwa miaka kadhaa, na nakumbuka nilivyosubiri matokeo yake kwa hamu. Mwilini mna chembe nyeupe za damu zinazoitwa chembe T. Kazi yake inafanana na ya sungusungu: zinazunguka usiku na mchana, zikikuta chembe isiyoeleweka zinaiondoa. Ili zisipitilize zikaanza kupiga hata wenyeji, zimewekewa breki, na moja ya breki hizo inaitwa PD-1. Kansa ni janja. Huvaa juu yake kitu kinachoitwa PD-L1, ambacho kikigusana na breki ile, chembe T inapoa na kupita kana kwamba haikuona kitu. Dawa kama pembrolizumabu na nivolumabu zinaikalia ile breki ili kansa isiweze kuikanyaga. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018 kwa kazi yao juu ya breki hizi.

Sasa weka mionzi pembeni yake. Mionzi ikipasua chembe za kansa, vipande vyake humwagika, na chembe T hupata kuiona sura ya adui aliyekuwa amejificha. Kwa hiyo hesabu ilionekana nyepesi: mionzi imfichue mwizi, dawa iwafungue sungusungu mikono. Kwenye panya ilifanya kazi vizuri sana.

Kwa watu mambo yakawa mengine. Jaribio la kwanza kubwa liliitwa JAVELIN Head and Neck 100. Wagonjwa 697 wenye kansa kama ya mzee wako, iliyopanda lakini haijasambaa mbali, wote walipewa mionzi na sisplatini. Nusu yao wakaongezewa avelumabu, ambayo ni ndugu wa dawa hizi, na nusu wakapewa dripu isiyo na dawa ndani. Mwezi Machi 2020 jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu hesabu zilionyesha halina tena nafasi ya kufaulu. Walioongezewa dawa hawakufanya vizuri kuliko wenzao, na takwimu zilielemea upande wa kufanya vibaya kidogo.

La pili ndilo nadhani kaka yako amelisoma, maana linatumia pembrolizumabu, na jina lake ni KEYNOTE-412. Wagonjwa 804, mpango uleule wa mionzi na sisplatini, dawa ikitolewa kila wiki tatu hadi dozi 17. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi au kukua walikuwa asilimia 63 kwa walioongezewa dawa na asilimia 56 kwa wasioongezewa. Ukiiona tofauti hiyo utasema basi inasaidia. Lakini watafiti walikuwa wameweka tangu mwanzo kipimo cha kuamua kama tofauti ni ya kweli au ni bahati tu, na hii haikukivuka. Siwezi kusema kwa moyo mweupe kwamba dawa haina chochote ndani yake kwa mgonjwa wa namna hii. Ninachoweza kusema ni kwamba haijathibitika, na familia haiuzi ardhi kwa kitu ambacho hakijathibitika.

Kwa hiyo tiba hiyo mnayoambiwa ni ya kizamani ndiyo ambayo mgonjwa mwenye kansa ya koromeo kama hii, asiyepangiwa upasuaji, anapewa leo hata akiingia hospitali kubwa ya Marekani: mionzi pamoja na sisplatini. Mwambie kaka yako amuulize daktari yeyote wa kansa za kichwa na shingo huko aliko. Sisplatini ni ya zamani kweli, lakini kazi yake inajulikana. Ukichukua wagonjwa 100 waliopata mionzi na dawa ya kemo kwa wakati mmoja, baada ya miaka mitano utakuta hai kama sita au saba zaidi ya wale 100 waliopata mionzi peke yake.

Kwa nini wazo zuri namna ile lilishindwa? Maelezo yanayoniingia zaidi akilini ni haya. Sungusungu hawazaliwi wakijua mwizi anafananaje. Lazima kuwe na mahali wanapokusanyika, wanaonyeshwa picha, wanapangwa, ndipo wanatumwa. Kwa kansa ya koromeo, mahali hapo ni tezi za shingo. Na sisi tunapopanga mionzi ya koromeo hatupigi uvimbe peke yake. Tunapiga shingo pande zote mbili, hata tezi ambazo kwenye picha zinaonekana safi, kwa kuwa tunajua kansa hupenda kujificha humo. Chembe T hufa kwa mionzi kidogo sana, na mgonjwa wa shingo akifika wiki ya nne au ya tano ukimpima damu utakuta zimepungua mno. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunawaita askari vitani huku tunaichoma kambi yao. Dawa inaachia breki za gari ambalo tumeshalitoa magurudumu.

Ndiyo maana ratiba imekuwa jambo kubwa kuliko dawa yenyewe, na hapa ndipo kaka yako ana nusu ya ukweli. Mwaka 2025 yalitoka majaribio mawili yaliyofaulu, na yote mawili yalihusu wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji. La kwanza, KEYNOTE-689, liliwapa wagonjwa dozi mbili za pembrolizumabu kabla ya upasuaji, wakati uvimbe upo na tezi zote za shingo ziko hai. Kisha upasuaji, kisha mionzi pamoja na dozi nyingine 15. Baada ya miaka mitatu, asilimia 58 hivi walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, wakati kwa waliopata tiba ya kawaida ilikuwa asilimia 46. Mwezi Juni mwaka huohuo Marekani ikaruhusu matumizi hayo kwa wenye uvimbe uliokutwa na PD-L1. Jaribio la pili, NIVOPOSTOP, liliongozwa na Wafaransa. Wao waliongeza nivolumabu kwenye mionzi na sisplatini baada ya upasuaji, kwa wale ambao hatari ya ugonjwa kurudi ilikuwa kubwa. Miaka mitatu baadaye waliobaki bila ugonjwa walikuwa asilimia 63 kwa 52.

Uone tofauti. Mgonjwa mwenye kansa ya ulimi au ya shavu kwa ndani, ambaye madaktari wa upasuaji wamepanga kumkata, ana sababu nzuri ya kuulizia dawa hizi leo. Baba yako hayupo kwenye kundi hilo. Na usifikiri kwamba mngeomba akatwe ili aingie kwenye kundi hilo. Koromeo kulikata ni kucheza na kumeza na sauti ya mtu, na waliompangia mionzi wamelipima hilo.

Kuna jingine nalitaja mapema kwa sababu najua litakuja mezani. Ikitokea katikati ya tiba figo za mzee zikalegea au masikio yakaanza kuvuma, sisplatini itabidi isimame, na hapo kaka yako anaweza kusema basi sasa tuweke imunotherapi mahali pake. Hilo nalo limejaribiwa. Katika NRG-HN004 walichukua wagonjwa wasioweza kupewa sisplatini, kundi moja likapata mionzi na durvalumabu, ndugu mwingine wa dawa hizi za kinga, jingine mionzi na dawa ya zamani zaidi iitwayo setuksimabu. Baada ya miaka miwili, ambao ugonjwa haukuwa umerudi wala kukua walikuwa asilimia 51 kwa dawa mpya na 64 kwa ile ya zamani. Badala yake muulizeni daktari kuhusu dosetakseli, dawa nyingine ya kemo, ya dozi ndogo kila wiki. Wenzetu wa hospitali ya kansa ya Tata Memorial, Mumbai, India, waliipima kwa wagonjwa wa namna hiyohiyo na ikawaongezea muda wa kuishi kuliko mionzi peke yake. Na ni dawa ya bei inayobebeka.

Nije kwenye ule mwezi mmoja au miwili wa kusubiri, maana kwangu huo ndio moyo wa swali lako. Miaka kadhaa nyuma nilimpokea mzee mmoja, fundi cherehani, mwenye ugonjwa unaokaribiana sana na wa baba yako. Tezi yake ya shingo nilipoishika mara ya kwanza ilikuwa kama punje ya harage, inateleza chini ya kidole. Wanawe walikuwa wanachangishana waagize dawa kutoka nje na wakaomba tusubiri. Walikuwa watoto wema, walikuwa wanampenda. Aliporudi baada ya wiki tisa tezi ilikuwa kama limao, imegandamana na shingo, na nilipoisukuma haikusogea. Siku ile karatasi yake niliyokuwa nimeiandika kwa nia ya kumponyesha niliiandika upya kwa nia ya kumpunguzia maumivu. Fedha walikuwa wamezipata. Sijawahi kuusahau uso wa yule kijana mkubwa alipoelewa nilichokuwa namwambia.

Kansa ya koromeo hukua wakati sisi tunajadiliana. Na hata mionzi ikishaanza, siku zina uzito wake. Ni kama palizi. Ukipalilia nusu ya shamba ukaenda msibani siku tano, unarudi unakuta magugu uliyoyakata yamechipua kwa nguvu kuliko mwanzo. Chembe za kansa zilizonusurika huanza kuzaliana kwa kasi kuanzia wiki ya tatu au ya nne ya mionzi, na kila siku tiba inapovuka muda wake, nafasi ya kuumaliza ugonjwa hupungua kwa asilimia moja hivi au zaidi kidogo. Kuna jaribio lililofanywa chini ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, likatolewa mwaka 2010, ambalo nalipenda kwa sababu lilifanyika kwenye nchi za kipato kama chetu, Afrika ikiwemo. Wagonjwa 908, mionzi ileile kiasi kilekile, kundi moja siku tano kwa wiki na jingine siku sita. Kwa hiyo hawa wa siku sita walimaliza wiki moja mapema, basi. Baada ya miaka mitano ugonjwa ulikuwa umedhibitiwa kwa asilimia 42 ya waliowahi kumaliza na asilimia 30 ya wale wengine. Hakuna dawa mpya iliyotumika hapo, ni kalenda tu.

Kwa hiyo kama kaka yako ana fedha na moyo wa kutoa, na naona anao, hizi ndizo sehemu ambazo shilingi yake itamponyesha mzee. Siku 35 za kwenda na kurudi Mbagala hadi Ocean Road, mtu ambaye kuanzia wiki ya tatu atakuwa na koo lililochubuka na kichwa kizito. Daladala ya asubuhi kutoka Rangi Tatu anaweza kuipanda wiki ya kwanza akiwa bado ana nguvu. Wiki ya tano hataweza kusimama mpaka Posta. Tafuteni ndugu Upanga, Kariakoo au hata Magomeni ambaye mzee anaweza kulala kwake kuanzia wiki ya nne, au wekeni kando nauli ya bajaji mapema, kabla haijahitajika. Nimewaona wengi wakikatisha mionzi ikiwa imebaki kumi, na mara nyingi chanzo kilikuwa nauli. Na sikukuu ikiangukia katikati ya wiki, au mashine ikapata hitilafu, msikubali siku hiyo ipotee hivihivi. Ulizeni itafidiwa lini. Inaweza kufidiwa Jumamosi, au mara mbili kwa siku moja ikipita angalau saa sita kati yake.

Meno yatazamwe wiki hii, kabla ya kinyago kama inawezekana. Jino bovu lililo ndani ya eneo la mionzi ling'olewe sasa, fizi ipone kwa wiki mbili hivi huku mpango wa mionzi ukiandaliwa. Likija kung'olewa baada ya mionzi, mfupa wa taya unaweza kukataa kupona na ukaoza, na hayo ni mateso mapya kabisa kwa mtu aliyekwisha kupona kansa.

Na chakula. Nikueleze kinyago kinavyotengenezwa, utaelewa kwa nini nakazania chakula. Ni bamba jeupe la plastiki lenye matundu matundu. Linachovywa kwenye maji ya moto, linalegea kama unga wa chapati uliokwisha kukandwa, kisha mafundi wawili wanalitandaza juu ya uso wa mgonjwa aliyelala chali na kulibana kwenye meza. Anahisi uvuguvugu na maji yakimchuruzika masikioni. Dakika chache linakuwa gumu, na linabaki na umbo la pua yake, kidevu chake, hata kovu la kwenye paji la uso. Kila siku ya mionzi atavalishwa hilohilo, ili mashine ya mionzi ipige palepale bila kupotea hata milimita chache. Sasa mzee akipungua kilo nane, kinyago kinacheza. Shingo iliyonenepeana jana leo ni nyembamba, na mionzi iliyolengwa tezi inaweza kugusa uti wa mgongo. Itabidi kitengenezwe kingine, mpango uanze upya, na siku zinapotea. Uji wa ulezi wenye maziwa na karanga, mtori, parachichi lililopondwa, mtindi, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, hata kama hana hamu. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara nyingi kwa siku. Dawa ya maumivu anywe nusu saa kabla ya kula, asingoje mpaka ashindwe. Na wakimshauri mpira wa kulishia kupitia puani, msiuchukulie kama habari ya kifo. Ni daraja la wiki chache. Mwambie mama hilo mapema, maana najua wagonjwa wengi wanaukataa kwa sababu ya kina mama wanaolia wakiuona.

Kuhusu tiba ya kinga yenyewe, sikufungii mlango. Ugonjwa ukija kurudi siku moja, au ukaonekana mapafuni, hapo ndipo mahali pake palipothibitika. Tangu jaribio la KEYNOTE-048 la mwaka 2019 pembrolizumabu imekuwa tiba ya kwanza kwa wagonjwa wa hali hiyo wenye PD-L1, na kwa wale wenye PD-L1 nyingi karibu mmoja kati ya watano alikuwa bado hai miaka mitano baadaye, jambo ambalo mimi nilipoanza kazi hii halikuwepo. Na habari inayonipa matumaini kuliko zote kwa mgonjwa wa Dar es Salaam ni ya Tata Memorial hao hao. Mwaka 2022 walionyesha kwamba miligramu 20 tu za nivolumabu kila wiki tatu, wakati dozi ya kawaida ni 240 kila wiki mbili, zikiongezwa kwenye vidonge vya bei nafuu kwa wagonjwa ambao ugonjwa umerudi au kusambaa, ziliinua idadi ya wanaofikisha mwaka mmoja kutoka asilimia 16 hadi 43. Hilo ni jambo ambalo familia ya kawaida inaweza kulifikiria bila kuuza ardhi. Kwa hiyo ombeni jambo moja sasa hivi: kile kipande cha nyama kilichochukuliwa koromeoni kihifadhiwe maabara, ili siku kikihitajika kupimwa PD-L1 kiwepo, mzee asitolewe kipande kingine.

Ila ujue nazo si maji ya baraka. Breki zikiachiwa, sungusungu wanaweza kuvamia nyumba za wenyeji: tezi ya thairodi ikazimika, mapafu yakavimba, utumbo ukaharisha damu. Tunalitibu tukiwahi, lakini linahitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara na daktari anayejua anachokitafuta. Dawa iliyonunuliwa nje ikaletwa kwenye begi bila barafu, bila wa kuisimamia, usiikubali hata ikija bure.

Wiki ijayo nendeni mapema, na mama aende naye. Mzee anyoe ndevu zote asubuhi hiyo, na aendelee kuzinyoa hadi mionzi iishe, maana zikikua kinyago hakitakaa vizuri.